Soma Sura Moja Kabla ya Kutazama
Mwanafunzi mwenzangu wa hapa Mombasa unayependa filamu zilizotokana na riwaya, usijilazimishe kumaliza kitabu kizima kabla ya kutazama. Chagua sura moja yenye tukio zito, uisome polepole, kisha uangalie jinsi kila mwongozaji alivyolishughulikia. Chukua Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813: katika sura ya 34 Darcy anamposa Elizabeth ndani ya nyumba, na tamthilia ya BBC ya mwaka 1995, yenye vipindi sita, inawaacha mumo humo chumbani, ilhali filamu ya Joe Wright ya mwaka 2005 inawatoa nje, mvua ikinyesha na nguo zikiwa zimewalowa chapachapa. Binafsi naona mvua hiyo ni kutia chumvi, ingawa aliyewahi kunyeshewa Likoni wakati wa masika hatakataa kwamba inasisimua. Tamthilia ina nafasi ya kubakiza hata porojo za wahusika wadogo. Filamu ya saa mbili hulazimika kukata. Ikiwa bando lako ni dogo, tazama filamu yote, halafu ulinganishe na kipindi cha tatu pekee cha tamthilia, kwa sababu posa hiyo imo kuelekea mwisho wake.