Jinsi ya kuijua apacha inayotoa picha kali kwenye lenzi yako (f/22 iache)

Dogo mmoja wa hapa Iringa kanitumia picha za zile nguzo za mawe za Isimila, kamera megapikseli 45, fremu kamili, stendi ya maana, ila ukizumu miamba yote imelainika kama imepakwa siagi. Namuuliza apacha ngapi (lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ananiambia f/22 kaka, ili kila kitu kiwe shapu. Haya, fanya hivi.

1. Tafuta ukuta wa tofali za kuchoma, simama nao sambamba. Stendi, modi ya A au Av (wewe unachagua apacha, kamera inapanga muda wa shata), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, faili la RAW, yaani ghafi.

2. Fokasi kwa kuzumu kwenye skrini, halafu zima autofokasi.

3. Piga kuanzia apacha iliyo wazi kabisa mpaka f/22. Hapa ndo watu wanapotea, maana kila ukifunga apacha shata inashuka, yaani inakaa wazi muda mrefu zaidi, f/5.6 ikikupa 1/200 basi f/22 unaangukia kama 1/13, na upepo wetu huu wa jioni ukiigusa stendi picha inacheza halafu lawama zote anabeba lenzi. Kwa hiyo weka taima ya sekunde 2, toa mkanda wa kamera usipepee, ile nguzo ya katikati ya stendi usiipandishe, kizuia mtikisiko zima, na kila apacha piga picha tatu uchague iliyotulia. Na usifanyie jaribio kwenye mlima wa mbali saa saba mchana, joto linalopanda toka ardhini linaharibu picha hata lenzi iwe ya mamilioni.

4. Linganisha kwa 100%, katikati na kwenye kona. Lenzi nyingi zinakuwa bora ukifunga stopu mbili tatu toka ilipo wazi kabisa (kila stopu inapunguza mwanga nusu), yaani 50mm f/1.8 inang'aa f/4 mpaka f/5.6. Ukizidi kufunga, mwanga unaopita kwenye katundu kadogo unatawanyika, nukta moja inakuwa doa: f/8 doa kama maikromita 11, f/22 karibu 30, wakati pikseli ya hiyo kamera ya dogo ni maikromita 4 na kitu tu. Fokasi haiponyi hilo, hata lenzi ghali hailikwepi.

5. Ukitaka mbele na nyuma vyote vionekane, mimi napiga picha kadhaa za f/5.6 nikihamisha fokasi, naziunganisha kwenye kompyuta. Ila maua ya hifadhi ya Kitulo na upepo wake hayatulii, pale piga moja f/11, ongeza ISO, usiogope chengachenga, zile punje zinazotokea kwenye picha.