Anza na Maneno: Namna ya Kuandaa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Utakaowafaa Wajukuu

Jumuiya au ushirika unapokaa kupanga ardhi yake, kwa kawaida huanza na ramani, hufuata bajeti, na maneno huachwa hadi mwisho, katibu anapotakiwa kuandika yaliyokubaliwa. Nashauri utaratibu huo upinduliwe, kwa kuwa maneno ya rasimu huwa yameshaamua mambo mengi kabla mjumbe yeyote hajanyoosha mkono.

Chukua sentensi ya aina hii, ambayo kila aliyewahi kusoma mipango ya ardhi ataitambua: "Ekari 40 za ardhi tupu zitaendelezwa ili kuongeza uzalishaji wa mchanga." Isome polepole, kalamu mkononi, ukipiga mstari chini ya kila neno linalomficha mtu au tendo. Ardhi hiyo ni tupu kwa nani? Mahali pasipo na jengo wala zao panaweza kuwa ndipo mifugo inapolishwa wakati wa ukame, au ndipo maji ya mvua yanapozama kabla ya kuibuka kwenye chemchemi ya bondeni. Neno "zitaendelezwa" limo katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi popote. Lakini neno linalonisumbua kuliko yote ni "uzalishaji". Kuzalisha ni kumsaidia mwenye kuzaa azae, na aliyezaa tunatarajia abaki hai. Shamba lililotunzwa linazalisha, ila machimbo ya mchanga hayazalishi: yanachimbwa, na kilichotoka hakirudi. Anayeandika "uzalishaji wa mchanga" anauita upungufu kwa jina la ongezeko.

Sasa iandike upya: "Kampuni itachimba mchanga kwa miaka 10 katika ekari 40 ambazo familia zetu hulishia mifugo wakati wa ukame, na baada ya hapo malisho hayatakuwapo." Mkutano bado unaweza kuikubali, na hiyo ni haki yake, lakini utakuwa umekubali jambo unalolijua. Fanya hivyo kwa kila sentensi ya rasimu. Kazi hii inachosha, na inaweza kumaliza siku nzima, lakini sijui njia ya mkato iliyo salama.

Baada ya maneno, nenda kwenye hesabu, ambako tatizo ni lilelile. Uchumi ni neno lililotoka kwenye kuchuma, na mchumaji huondoka na tunda akauacha mti umesimama. Mwaka 1939 mwanauchumi John Hicks alieleza wazo linalokaribiana na hilo: mapato ni kile ambacho mtu anaweza kukitumia katika kipindi fulani na bado mwishoni akawa na hali ileile aliyoanza nayo. Kwa kipimo hicho fedha za mchanga si mapato, ni mtaji uliobadilishwa sura. Kwa hiyo fungua safu mbili katika daftari la hesabu, moja ya kilichochumwa na nyingine ya kilichoondolewa kabisa, na uamue mapema ni sehemu gani ya safu ya pili itawekwa katika kitu kitakachoendelea kuzaa. Udongo wa juu unaobebwa na maji nao uingizwe humo, maana sentimita chache tu za udongo huo zinaweza kuchukua mamia ya miaka kujijenga upya.

Mtaalamu akileta makadirio ya faida na hasara, muulize ametumia kiwango gani cha punguzo, yaani asilimia inayotumika kushusha thamani ya fedha za miaka ijayo zilinganishwe na za leo. Hasara ya 1,000,000 itakayotokea baada ya miaka 100, kwa kiwango cha asilimia 5, inaandikwa leo kuwa kama 7,600 tu. Kwa asilimia 1 inakuwa takribani 370,000. Ardhi ni ileile na hasara ni ileile, ila tarakimu moja imeamua kama vitukuu wanahesabiwa au hawahesabiwi. Dai makadirio yafanywe kwa viwango viwili, na kumbukumbu za mkutano zitaje kilichochaguliwa na sababu yake.

Kuhusu kanuni zenyewe, ziwe za kuhesabika kwa macho. Katika kijiji cha Törbel, Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mtu kupeleka kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliitumia kama mfano wa kanuni iliyodumu karne nyingi, na ni rahisi kuona sababu: jirani yeyote angeweza kuhesabu ng'ombe bila kumsubiri mkaguzi.

Ziandikwe pia kwa lugha ambayo watakaozisimamia wanaizungumza nyumbani, hata kama sheria inadai nakala nyingine katika lugha rasmi. Neno la kienyeji lisilo na tafsiri kamili libaki kama lilivyo, na maana yake ielezwe. Sheria ya New Zealand ya mwaka 2017 kuhusu mto Whanganui ilibakiza jina la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, Te Awa Tupua, kwa mto unaotambuliwa kuwa kitu kimoja kilicho hai kutoka milimani hadi baharini, na ikaupa hadhi ya mtu kisheria.

Kabla ya kura, soma mpango wote kwa sauti, kisha mwombe mtu ambaye hakushiriki kuuandika aeleze alichoelewa. Atakapokwama, rekebisheni sentensi hiyo papo hapo. Mteueni pia mjumbe mmoja wa kuwasemea ambao hawajazaliwa, na maswali yake yaandikwe pamoja na majibu, ili mpango utakaposomwa tena baada ya miaka mitano, wasomaji wapya waone kilichoulizwa na nani alijibu nini.