Kuunganisha PABX ya zamani na simu za IP ofisini (na dawa ya laini isiyotaka kukata)

Juzi nilikuwa namwelekeza fundi mmoja wa Mwanza kwa simu karibu jioni nzima. Ofisi yao imenunua simu za IP (zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta) za ghorofa mpya na bosi hataki kusikia habari ya kung'oa PABX ya zamani (mtambo unaogawa laini za simu ofisini), na kusema kweli bosi yuko sahihi. PABX ya analojia kama Panasonic KX-TES824, ile iliyojaa maofisini kwetu, inayoanza na laini 3 za nje na ekstensheni (simu za ndani) 8 na unaipandisha mpaka laini 8 na ekstensheni 24, haifi ovyo, halafu waya wake wa shaba unafika mahali kebo ya mtandao haifiki. Ethernet mwisho wake mita 100, wakati jozi moja ya shaba inamfikia mlinzi wa getini hata akiwa mita 400 na simu yake inalia kama kawaida. Kwa hiyo hatutupi kitu.

Mpangilio wenyewe uko hivi: laini za kampuni ya simu zinaingia kwenye geitiwei (boksi linalounganisha laini za shaba na mtandao), geitiwei inaongea SIP (lugha ya simu za IP) na seva ya simu (mimi natumia Asterisk, programu ya bure ya simu, yenye kurasa za kuiendeshea za FreePBX, sijaona sababu ya kulipia leseni kwa ofisi ya watu 30), simu za IP zinajisajili kwenye seva, na PABX ya zamani inakaa nyuma ya geitiwei ikidhani bado iko kwenye laini ya nje.

Hatua ya 1: jua mlango upi ni upi

FXS ni kama soketi ya ukutani, inatoa umeme na kengele. FXO ni plagi, inapokea. Soketi inaenda na plagi siku zote, ukichomeka FXS kwa FXS hupati simu na unaweza kuunguza mlango. Kwenye PABX, milango ya ekstensheni ni FXS na milango ya laini za nje ni FXO. Kama maandishi yamefutika chukua mita: laini ya kampuni ya simu mkonga ukiwa umelazwa inasoma kama volti 48 DC, ukiinua inashuka chini ya 15 hivi. Mlango usiotoa volti yoyote ni FXO. Na usishike waya simu ikiita, kengele ni AC ya volti 70 mpaka 90, utaruka.

Nunua geitiwei ya boksi, usinunue kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta. Najua kadi zina wapenzi wake ila radi ya masika ikipita kwenye shaba itakuondolea boksi peke yake, kadi inaondoka na seva nzima. Na hata boksi liwekee kinga ya radi pale kwenye Krone (kibao cha kuunganishia jozi za shaba), na kinga isiyo na waya wa ethi ni pambo tu.

Hatua ya 2: swichi na VLAN

Swichi ya PoE (inayopeleka umeme kwa kebo ya mtandao), VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya data na VLAN ya sauti, kompyuta inapita nyuma ya simu bila tagi (alama ya VLAN), simu yenyewe inatagiwa. DHCP ya sauti (inayogawa anwani za mtandao) iwe na option 66, yaani anwani ya seva yenye konfigi, ili simu zijichukulie konfigi zenyewe. Angalia tu jumla ya wati ambazo swichi inaweza kutoa kwa pamoja, maana 802.3af, kiwango cha PoE, inasema wati 15.4 kwa mlango lakini swichi za bei rahisi haziwezi kuhimili milango yote 24 kwa kiwango hicho. Simu za kawaida zinakula kidogo, hupati shida mpaka mtu achomeke kamera za ulinzi humohumo.

Simu ya mapokezi iwe ya waya. Nimeshaombwa mara nyingi niweke programu ya simu kwenye laptop ya dada wa mapokezi tena kwa wifi, nakataa.

Hatua ya 3: seva

Sakinisha, tengeneza ekstensheni, sajili simu, piga ndani kwa ndani. Kama umefika hapa haya unayajua.

Hatua ya 4: kodeki na intaneti

Kodeki ni njia ya kugeuza sauti kuwa data. Ndani ya ofisi tumia G.711, basi. Simu moja ya G.711 inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwenye Ethernet ukihesabu na vichwa vya pakiti, kwa hiyo simu 10 kwa mpigo hazifiki hata megabiti moja. Watu wanakimbilia G.729, inayobana sauti zaidi, "kuokoa bandwidth" halafu wanashangaa sauti imekuwa ya kwenye pipa. Shida ya sauti inayokatikakatika kwenda tawi la pili mara nyingi sio ukubwa wa intaneti, ni foleni: mtu anapandisha bakapu au video, pakiti za sauti zinakaa nyuma ya mzigo. Weka alama ya DSCP 46 (inayosema pakiti hii ni ya haraka) kwenye sauti halafu kwenye ruta hakikisha foleni yenye alama hiyo inatoka kwanza, na kasi ya kupandisha uibane chini kidogo ya ile unayopata kweli ili foleni ikae kwako isikae kwa mtoa huduma. Lengo ni sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja.

Kwenye ruta ya MikroTik nenda IP, Firewall, Service Ports, zima sip, maana inachezea ujumbe wa SIP na kuuharibu. Ruta nyingine inaitwa SIP ALG, zima pia. Dalili kwamba bado imewashwa ni simu inaunganishwa ila upande mmoja hausikii.

Hatua ya 5: laini isiyokata

Hapa ndipo watu wanalala ofisini. Mteja anapiga, mnaongea, mteja anakata. Kwenye simu ya IP au ya mkononi kukata ni ujumbe, seva inaambiwa kabisa fulani kaondoka. Kwenye waya mbili za shaba hakuna ujumbe. Geitiwei imeshikilia laini, haijui kwamba upande wa pili hayupo mtu, na kama simu iliangukia voicemail utakuta rekodi ya dakika nzima ya tuu tuu tuu, na laini iko bize mpaka mtu aende kuchomoa waya. Ukiwa na laini 3 zote zikashikwa hivyo, ofisi haipatikani na hakuna anayejua.

Kabla hujagusa chochote cha kukata, rekebisha kwanza viwango vya sauti na impedansi (upinzani wa laini kwa mawimbi ya sauti), kwa sababu geitiwei inasikiliza toni kwa masikio yaleyale, ukibadilisha sauti baadaye unarudi mwanzo. Kama unasikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, impedansi ya mlango hailingani na laini. Boksi nyingi zinatoka kiwandani na omu 600, jaribu hiyo halafu jaribu zile zinazoandikwa za Ulaya, moja itatulia. Usiue mwangwi kwa kushusha sauti mpaka watu wapige kelele, hiyo sio dawa.

Sasa kukata. Kuna njia tatu na zifuate kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni kugeuka kwa polariti. Chomeka mita kwenye laini, piga kutoka kwa laini hiyo kwenda simu yako ya mkononi, pokea, kata. Kama namba ya mita inabadilika kutoka kujumlisha kwenda kutoa unapopokea na inarudi unapokata, umebarikiwa, washa polariti kwenye geitiwei na hayo mengine hayakuhusu. Kama haigeuki, waulize kampuni ya simu, wakati mwingine ni huduma ya kuombwa. Ila jaribu na simu zinazoingia pia, kuna laini zinageuza kwa simu za kutoka tu.

Ya pili ni mkondo kukatika kidogo, volti inaenda sifuri kwa sehemu ya sekunde halafu inarudi. Mita ya kawaida inaweza isiuone. Washa hiyo sehemu kwenye geitiwei ujaribu, lakini muda wake usiweke mfupi sana, laini yenye jointi mbovu itakuwa inakatia watu katikati ya maongezi.

Ya tatu ni toni, na ndiyo wengi mtaishia. Geitiwei nyingi zinakuja na toni za Marekani: toni ya bize ya kule ni hezi 480 na 620 kwa pamoja, nusu sekunde inalia, nusu sekunde kimya. Uingereza ni 400. Sehemu nyingi za dunia zinafuata 425, ambayo ndiyo ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) inaipendekeza. Boksi linalosubiri 480 na 620 litasikiliza 425 mpaka asubuhi na halitakata. Ila msinakili 425 kutoka kwangu mkaondoka, pimeni laini yenu: weka simu ya kawaida ya mezani moja kwa moja kwenye laini, jipigie kutoka mkononi, inua, kata ile ya mkononi, halafu sogeza kinasa sauti cha simu nyingine kwenye mkonga. Faili lipeleke kwenye Audacity, chagua kipande cha toni, fungua Plot Spectrum, mlima mrefu kuliko yote ndio hezi zako. Halafu kuza wimbi lenyewe upime toni inalia milisekunde ngapi na kimya ngapi.

Ukiandika kwenye geitiwei soma kitabu chake, maboksi mengine yanahesabu kwa milisekunde na mengine kwa vipande vya milisekunde 10, kwa hiyo 500 na 50 zinaweza kuwa kitu kimoja au zikawa tofauti kabisa. Mapigo ya toni ya kusubiri kabla ya kukata weka 3 au 4. Ukiweka 1 itakata sauti nyembamba ya mama anayeongea, au muziki wa kusubirisha, maana kwa sekunde moja vinaweza kufanana na toni.

Rudia kupima ukipiga kutoka mitandao tofauti na kutoka simu ya mezani. Kuna wakati anayekata akiwa mtandao mwingine unapewa toni ya haraka ya msongamano badala ya bize, na hiyo nayo iandikwe mahali pake.

Kuna sehemu ya kukata kwa ukimya, laini ikinyamaza sekunde kadhaa inakatwa. Usiiwashe. Mhasibu akibonyeza kitufe cha kuzima maiki atafute risiti, mteja kaenda. Afadhali uweke kikomo cha urefu wa simu kwenye seva, saa moja au mbili.

Hatua ya 6: PABX ya zamani

FXS za geitiwei ziende kwenye milango ya laini za nje ya PABX. Ugonjwa wa kukata upo na huku, ila huku pande zote mbili ni zako: waambie FXS wakate mkondo simu ikiisha, na kwenye PABX washa CPC (inayotambua mkondo umekatika). Imekwisha. Watu wa zamani waendelee kubonyeza 9 kutoka nje. Faksi na kengele ya wizi usivipitishe kwenye IP, vipe laini yao ya shaba.

Hatua ya 7: kabla hujaondoka

Mlango 5060 (wa SIP) usiufungue kwenye intaneti. Tawi liunganishwe kwa WireGuard (njia ya siri kupitia intaneti), na simu za kimataifa zifungwe kwa kila ekstensheni isipokuwa walioomba, wezi wa dakika wanatafuta seva za simu usiku na mchana na bili yake inakuja kwako. Ruta, swichi, geitiwei, seva na PABX vyote viwe kwenye UPS moja, haina maana seva iwe hai umeme ukikatika kama swichi imelala. Bandika lebo kila jozi kwenye Krone, na bakapu ya konfigi ya geitiwei ipakue uiweke nje ya jengo hilo.