Jinsi ya kuchagua chuma cha kisu cha porini

Mtu akija karakana kutaka kisu cha kwenda nacho porini, huanza na swali lile lile: chuma gani kina makali zaidi? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Kisu kikisenea ukiwa safarini, utakinoa kwa jiwe lolote laini utakaloliokota mtoni. Kikikatika, hakuna wa kukuungia. Niliwahi kufua kisu kutokana na tupa kuukuu, kikawa kinanyoa nywele za mkono. Nilipokipigia gogo la mgunga nipate kuni, ubapa ulikatika vidole vitatu kutoka kwenye mpini. Tangu siku hiyo naanza na uvumilivu wa chuma, makali yanafuata.

Hatua ya 1: Taja kazi na mahali. Mvuvi anayeshinda kwenye maji ya chumvi achukue stenlesi, asihangaike. Anayepasua kuni na kuchonga vigingi kule bara, chuma cha kaboni kinamfaa zaidi, mradi akipake mafuta. Ukikiacha usiku mmoja kwenye ala ya ngozi mbichi huku pwani, asubuhi kina madoa ya kahawia.

Hatua ya 2: Soma namba. Kisu cha dukani kilichoandikwa "stainless" tu bila namba ya chuma, kirudishe kabatini. Namba 5160 ni chuma cha springi: kaboni kama asilimia 0.6 na kromiamu kidogo. Hiki ndicho ninachokipenda kwa porini, kinapinda kabla ya kuvunjika. 1095 kina kaboni ya karibu asilimia 0.95, kinashika makali vizuri na kunoleka upesi, lakini kutu inakipenda. D2 kina kaboni ya asilimia 1.5 hivi na kromiamu kama 12. Makali yake yanakaa muda mrefu, ila jiwe la kawaida linakihangaikia, na kikigonga mfupa au fundo la mti huota mapengo. Kwa stenlesi, 14C28N cha Sweden ni chaguo zuri.

Chuma huhesabiwa stenlesi kuanzia kromiamu ya asilimia 10.5 hivi, ila D2 hakihesabiwi, kwa kuwa kaboni yake nyingi hufunga sehemu ya kromiamu hiyo. Sumaku isikudanganye: stenlesi ya visu huvutwa. Ile ya masinki, ambayo kwa kawaida haivutwi, ndiyo isiyokubali matiko, yaani kukazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla.

Hatua ya 3: Chuma chakavu kijaribu kwanza. Hii ni kwa anayetaka kufua kisu mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Springi ya lori inafaa sana, na sime nyingi za Wamasai hufuliwa kutokana nayo, lakini iliyobeba mzigo miaka mingi inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Tafuta kipande ambacho hakijatumika sana.

Kiguse kwenye grenda, miwani machoni. Nondo hutoa cheche ndefu zenye matawi machache. Springi hupasuka matawi mengi, na tupa hutoa kichaka kizima cha cheche karibu kabisa na jiwe.

Kisha kata kipande cha urefu wa kidole. Kipashe moto hadi sumaku isikishike, yaani nyuzi 770 hivi, ukizidishe kidogo, kisha ukizamishe kwenye mafuta yaliyopashwa kiasi. Usitumie maji, springi huweza kupasuka. Fanya kazi hii nje, kwa koleo ndefu, na mfuniko wa chombo uwe karibu kwa sababu mafuta huwaka. Kikipoa, pitisha tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimeshika matiko. Ikikwaruza, hicho ni chuma laini, kifanye bawaba. Kilichoshika kibane kwenye jiliwa, ukifunike kwa kitambaa, ukivunje kwa nyundo. Tazama ndani: chembe ziwe laini, za kijivu kama majivu. Ukiona chembe zinazometa kama sukari, ulizidisha moto.

Hatua ya 4: Punguza ugumu. Chuma kikifaulu jaribio, fua kisu chako na ukitie matiko vivyo hivyo. Kikitoka kwenye mafuta ni kama glasi. Kiweke kwenye oveni nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha urudie. Ukikisugua msasa kabla, utaona rangi ya majani makavu ikipanda juu yake. Ukiwa na mahali pa kupimia, lenga ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell C.

Hatua ya 5: Kisulubu kabla hujakiamini. Kinoe, kata matawi makavu thelathini, pasua gogo moja lenye mafundo, kisha shika makali kwenye mwanga wa jua. Makali yaliyojikunja upande mmoja yanasema chuma ni laini mno au umeyanoa membamba mno. Yanoe kwa pembe pana zaidi, na yakijikunja tena urudie matiko mwanzo. Ukiona mapengo madogo, chuma bado ni kigumu mno: kirudishe kwenye oveni, uongeze nyuzi 20, ujaribu tena kwenye gogo lile lile.