Namna ya kupiga hesabu ya maji ya chini kabla hujamwaga jamvi kubwa la zege

Wadau mnaojenga godauni, karakana au yadi ya malori, hii inawahusu. Watu wanahangaika sana na ratio ya zege na nondo, wanabishana simenti gani inafaa, halafu maji ya chini ya jamvi hayamo kabisa kwenye BOQ (orodha ya vifaa na gharama za ujenzi), masika ya kwanza tu sakafu inaanza kutoa unyevu, mizigo ya chini inaota ukungu na rangi ya sakafu inabanduka vipande vipande. Na kurekebisha baada ya zege kukauka mara nyingi ni kuvunja. Dawa ni kuweka mapema kokoto na mabomba yenye matundu chini ya jamvi yakusanye maji na kuyatoa nje, na hesabu hii ndiyo inakwambia yawe kiasi gani.

Tuchukue mfano tutembee nao. Godauni la mita 30 kwa 40, yaani mita mraba 1,200, kiwanja cha mchanga maeneo ya chini ya Dar kama Mikocheni hivi, ambako maji hayako mbali.

Kwanza chimba mashimo matatu au manne ya kina cha mita 2, moja liwe upande wa juu wa kiwanja na lingine upande wa chini, uyaache usiku mzima halafu asubuhi upime maji yamesimama wapi. Ukipima kiangazi usijidanganye, maji yatapanda Machi mpaka Mei, kwahiyo angalia ukuta wa shimo, udongo wenye mabaka ya rangi ya kutu na kijivu unakwambia maji huwa yanafika pale, pia waulize majirani wenye visima. Tumia mpira wa maji kuhamisha levo kutoka shimo moja hadi jingine. Tuseme mashimo yameachana mita 30 na maji yametofautiana sentimita 60, basi mteremko wa maji ya chini ni 0.6 gawanya kwa 30, sawa na 0.02.

Sasa maji yanayoingia kutoka pembeni: kasi ya udongo kupitisha maji, mara mteremko, mara eneo la ukuta wa udongo unaoleta maji. Mchanga wa kati ulio safi unapitisha kama mita 0.0001 kwa sekunde, mfinyanzi unaweza kuwa chini ya hapo hata mara laki moja, kwahiyo namba hii peleka udongo maabara usiikisie. Upande wetu wa mita 40, tabaka la maji mita 1, inakuja 0.0001 × 0.02 × 40 × 1 = mita za ujazo 0.00008 kwa sekunde, ambayo kwa siku nzima ni kama lita 6,900. Ongeza mvua inayozama kandokando ya jengo, chukua ukanda wa mita 3 kuzunguka jengo ambalo mzunguko wake ni mita 140, mvua ya milimita 60 siku hiyo, asilimia 30 izame, unapata kama lita 7,500 (milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1, hii ishike kichwani itakusaidia sana). Jumla weka lita 15,000 kwa siku, halafu zidisha kwa 5 kwasababu udongo haufanani hata ndani ya kiwanja kimoja, inakuwa lita 75,000. Inatisha ukiisikia ila ni chini ya lita 1 kwa sekunde, na bomba laini la inchi 4 lenye mteremko wa 1 kwa 200 linabeba kama lita 4 kwa sekunde likijaa. Bomba linatosha na kubaki.

Ila ngoja, hapa ndo wengi wanapoharibu. Bati la hilo hilo godauni, mvua kali ya milimita 50 kwa saa, linamwaga lita 60,000 ndani ya saa moja! Yaani karibu hesabu yetu yote ya siku nzima, ikiwa tayari imezidishwa mara 5. Fundi akiunganisha maji ya gata kwenye bomba la chini ya jamvi ili kuokoa hela ya mtaro, amegeuza dreni kuwa kifaa cha kulowesha msingi. Maji ya bati yawe na njia yake mpaka mwisho, hapa sikubaliani na mtu.

Halafu kokoto. Chini ya jamvi weka sentimita 15 za kokoto safi za saizi moja, na mabomba yaachane kiasi gani inategemea usafi wake. Zidisha 4 mara kasi ya kokoto kupitisha maji, mara kimo cha maji unachoruhusu katikati ya bomba na bomba kikizidishwa chenyewe (mita 0.1 inatosha), gawanya kwa maji yanayoingia kila mita mraba kwa sekunde, ambayo kwetu ni mita 0.00000072 (zile lita 75,000 za siku ukizigawa kwa mita mraba 1,200), kisha chukua kipeuo cha pili. Kokoto safi ukiipa kasi ya mita 0.01 kwa sekunde unapata kama mita 23, kwahiyo bomba la kuzunguka pembeni na moja la katikati, yakiachana mita 15, yanatosha. Kokoto hizo hizo zikija na vumbi kasi ikashuka mpaka 0.001, umbali unashuka mpaka mita 7 na mpangilio wako wote umekufa. Tipa likifika saiti chota ndoo moja uoshe, maji yakiwa kama uji lirudishe.

Vifaa sasa. Kokoto 1,200 × 0.15 ni kyubiki (mita za ujazo) 180, ongeza za kwenye mitaro ya bomba kama 20, ongeza asilimia 10 ya kushindilia, agiza 220. Bomba lenye matundu mita 140 na 40, jumla 180, vipande 30 vya mita 6, agiza 33, na matundu yaangalie chini. Jiotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji) ya kuzuia mchanga usiingie kwenye kokoto kama mita mraba 1,650 pamoja na mapishano, nailoni ya geji 1000 juu ya kokoto kama 1,400. Weka chemba kila kona, bila chemba huwezi kuzibua kitu.

Cha mwisho ila kiangalie mapema kabisa, maji yanatokea wapi? Njia ndefu ya bomba ni mita 70, kwa 1 kwa 200 linashuka sentimita 35. Likianza sentimita 60 chini ya sakafu, linatoka sentimita 95 chini. Kama mtaro wa barabara uko sentimita 70 tu chini ya sakafu yako, maji hayaendi popote, itabidi unyanyue sakafu kwa moramu au uchimbe shimo la pampu, na pampu inataka umeme wa uhakika usiku wa mvua. Jamvi la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 kwa mita mraba, maji yakisimama sentimita 36 juu ya tumbo lake (uso wake wa chini) yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ile ile, kwahiyo hapo weka pampu mbili na jenereta, sio moja.