Jinsi ya kutoa katuni yako ya kwanza ya kitabu kama unaandika lakini huchori

Mwezi uliopita dogo mmoja wa Morogoro alinitumia skripti ya katuni yake kwa WhatsApp na swali moja tu: "Kaka, nikishaandika nafanya nini?" Nikamjibu kwa meseji za sauti mpaka bando likakata. Baadaye nikaona bora niyaweke kwa maandishi, maana si yeye wa kwanza kuuliza. Mimi naishi Dar, naandika, sichori kabisa. Hata nikishika rula mstari hupinda.

Hatua ya 1: Maliza hadithi

Hii unaijua. Ila toleo la kwanza liwe hadithi inayoisha humo humo, si "sehemu ya 1 kati ya 12". Msomaji hakujui bado, hatasubiri sehemu ya 12.

Hatua ya 2: Igawe kwa kurasa na fremu (visanduku vya picha)

Mimi naandika hivi, kwenye Google Docs, bila programu yoyote ya kununua:

UKURASA WA 8 (kushoto), fremu 4
Fremu ya 1. Usiku. Kituo cha daladala, watu wameisha. Mama Asha amekaa kwenye benchi, kapu magotini.
MAMA ASHA: La mwisho limepita?

Fremu moja, tendo moja. Ukiandika "anafungua mlango, anaingia, anakaa", hizo ni picha tatu, na mchoraji atachagua mojawapo ambayo si uliyoitaka. Puto moja, yaani lile duara la maneno ya mhusika, lisizidi maneno 15. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe, lakini kila nilipoivunja nilijuta.

Umeona neno "kushoto" pale juu? Ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kunja karatasi kabla hujamtafuta mchoraji

Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo nivumilie.

Chukua karatasi 6 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kijitabu cha A5 chenye kurasa 24. Andika namba kwa penseli, ukianza na jalada la mbele kama ukurasa wa 1. Sasa kifumue uone. Karatasi ya nje kabisa ina 24 na 1 upande mmoja, 2 na 23 upande wa pili. Inayofuata ina 22 na 3, kisha 4 na 21. Jumlisha jozi yoyote utapata 25. Kila karatasi inabeba kurasa nne, ndiyo maana kijitabu cha kupigwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4: 16, 20, 24, 28. Kurasa 22 za kupiga pini hazipo duniani.

Mimi nilikuwa nazo 22. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba katuni za Marekani huwa na kurasa kama hizo za hadithi, nikaona nami nimekuwa wa kimataifa. Jalada likachapwa peke yake kwenye karatasi nzito, kurasa 4, na ndani zikahitajika 24. Kiwanda cha uchapaji hakikuniuliza, na mimi sikuuliza. Wakaweka ukurasa mweupe mmoja mwanzo na mmoja mwisho ili hesabu itimie. Kwa macho ya kawaida ni jambo dogo. Lakini katuni ya kitabu inaishi kwenye kufunua. Katuni ya gazetini, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, gazeti la Kenya, utani wake unaangukia fremu ya mwisho ya mstari. Ya kitabu, mshtuko unauweka ukurasa wa kushoto, wenye namba shufwa, ili msomaji afunue ndipo aone. Ukurasa wangu wa 11, mlango unagongwa usiku. Ukurasa wa 12, aliyesimama nje ni mume aliyezikwa wiki mbili zilizopita. Ule ukurasa mweupe wa mwanzo ulisukuma kila kitu nafasi moja: 11 ikahamia kushoto, 12 ikawa kulia kwake. Msomaji anafunua, anaona mlango unagongwa na marehemu yuko pale pale. Kopi 200.

Kwa hiyo kabla ya yote muulize mchapaji: "Hizo kurasa ni pamoja na jalada au bila jalada?" Watu wawili wanaweza kusema "kurasa 24" na kila mmoja akawa na kitabu chake kichwani. Kama kuna ukurasa wa kujaza, uamue wewe unakaa wapi. Mimi sasa najaza mwishoni, kwa shukrani au michoro ya majaribio.

Kosa la pili nililifanya kwenye toleo la pili, nikidhani nimeshaelimika. Nilituma PDF ambayo kurasa nimeziunganisha mbili mbili jinsi zinavyosomwa, 2 na 3, 4 na 5. Usifanye hivyo. Umeshaona kwenye karatasi ulizokunja kwamba 2 haikai na 3, inakaa na 23. Tuma kurasa moja moja kwa mpangilio wa kusoma, kupanga ni kazi ya kiwanda. Ukienda steshenari ya mtaani yenye printa ya kawaida, fungua PDF hiyo hiyo kwenye Adobe Reader, chagua Booklet, pande zote mbili, karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi. Wakichagua ukingo mrefu, upande wa nyuma unatoka miguu juu.

Picha kubwa inayokula kurasa mbili iweke katikati tu, 12 na 13, maana hapo ni karatasi moja. Kwingineko nusu mbili zinatoka karatasi tofauti, na sura ya shujaa wako itakatika puani.

Na vipimo, ambavyo mchoraji lazima avijue kabla ya penseli ya kwanza: A5 ni milimita 148 kwa 210. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, inakuwa 154 kwa 216. Kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) hiyo ni kama pikseli 1819 kwa 2551. Maneno yakae milimita 10 ndani ya ukingo wa nje, kwa sababu karatasi za katikati zikikunjwa hutokeza nje kidogo, na mashine ya kukata haina huruma nazo.

Hatua ya 4: Mchoraji

Mlipe. Usimwambie "tutagawana faida", faida yenyewe hujaiona. Mimi nalipa kwa mafungu matatu: kuanza, rasimu za penseli za kurasa zote, kumaliza. Rasimu zote zije kwanza ndipo aweke wino. Kurekebisha penseli ni dakika tano, kurekebisha wino ni ugomvi.

Andikeni karatasi moja ya makubaliano. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, kazi inalindwa tangu inapoumbwa, huhitaji kusubiri muhuri wa mtu. Kinachovunja urafiki ni swali la nani ana nini: wahusika ni wa nani, michoro halisi inabaki kwa nani, likija toleo la pili anachora nani.

Hatua ya 5: Maneno kwenye maputo

Yaweke mwenyewe. Tumia Inkscape, programu ya kuchora, ni bure na maandishi yanabaki makali hata ukiyakuza. Usiweke maneno kwenye Canva, tafadhali. Fonti chukua Blambot, tovuti ya fonti za katuni, wana nyingi wanazoruhusu waandishi huru wa katuni kuzitumia bure, lakini soma masharti ya kila moja.

Sasa mtego wa Kiswahili. Fonti nyingi za katuni zina I mbili. Ukibonyeza herufi kubwa unapata I yenye kofia na kiatu, ukibonyeza ndogo unapata kijiti kitupu. Ile ya kofia imewekwa kwa ajili ya Waingereza, neno lao la "mimi". Sisi hatuna kazi nayo. Ukiandika "Ili" au "Iko" kama kawaida, kofia inatokea mwanzoni na puto linaonekana limeandikwa na watu wawili. Niliwahi kukesha nikizitoa moja moja. Andika kila kitu kwa herufi ndogo, fonti itatoa kubwa yenyewe.

Jaribu pia ng' kabla hujaipenda fonti. Andika "ng'ombe" uone kama ile alama ipo na imeinama upande sahihi.

Halafu maneno yetu ni marefu. "Nitakapokuambia" ni herufi 15 bila pa kupumulia, na puto jembamba litalikata vibaya. "Nikikuambia" ni 11. Nikifika hapa huwa nairudia skripti yote nikiwa na puto mbele ya macho, na nusu ya mazungumzo inafupika bila kupungua.

Hatua ya 6: Chapa kopi moja

Moja tu. Isome kitandani. Mpe mtu asiyekupenda sana. Kisha ndipo ulipie 100.

Hatua ya 7: Uza

Ukitaka iingie maduka ya vitabu, omba ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Mimi nauza zaidi kwa status na lipa namba, na begani nina kopi kumi kila ninapotoka.

Dogo wa Morogoro juzi kanitumia picha ya karatasi alizokunja. Ana kurasa 26. Nimemwambia aondoe ile safari ya basi, kurasa mbili nzima za watu wanaangalia dirishani.