Kabla hujamkabidhi mtu makipa wadogo wa magongo, mvalishe pedi kwanza

Kila timu ya watoto ya magongo niliyopitia hapa Nairobi ina shida hii moja: wachezaji wa ndani wana kocha, wana mzazi wa kupanga koni, wana hadi ratiba, alafu kipa wa miaka kumi anaambiwa "we nenda pale golini tunakuja" na hakuna anayeenda. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo msimu mzima. Tulikuwa na msichana mmoja mdogo, pedi zinamfika mapajani, kila Jumamosi anahangaika kuvaa peke yake robo saa nzima, anaingia uwanjani tayari amelowa jasho, tunampigia mipira dakika ishirini bila kumwambia la maana, tunaenda zetu. Muhula uliofuata hakurudi, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Sikujua tu nimwambie nini maana sijawahi kudaka maishani.

Na makocha wengi wa kujitolea wako hivyo hivyo, walicheza beki au forwadi, wengine ni walimu wa michezo, wengine wazazi tu, na goli wanaliogopa kama ni fani ya watu fulani. Ukiwa na watu wanne wenye nia na Jumamosi mbili unaweza kuwapa ya kutosha kuanza kufundisha makipa. Mimi huwa nafanya hivi.

Jumamosi ya kwanza usianze na ubao wala maelezo, anza kwa kuwavalisha hao makocha wenyewe. Kila mmoja avae seti nzima: kinga ya kiunoni, pedi za miguu, kika (zile sponji nene za juu ya viatu), kifua, kinga ya shingo, helmeti, glavu za mwisho. Mpeleke golini, upana mita 3.66, kimo mita 2.14, mwache ageuke kushoto na kulia, alale chini, ainuke. Alafu mviringishie mipira taratibu kwa mkono. Dakika kumi zinatosha kabisa. Mtu aliyekuwa anapigia watoto kelele "inuka haraka!" akishajaribu kuinuka na hizo pedi hizo kelele zinaisha zenyewe. Kuna jambo lingine wanaligundua humo ndani ambalo huwezi kulielewa ukiwa nje: ule waya wa usoni unaficha mpira ukifika karibu na miguu, usipoinamisha kidevu huuoni. Kwa hiyo siku wakimwambia mtoto "angalia mpira" wanajua wanamaanisha shusha kidevu, na hivyo ndo wanamwambia, shusha kidevu.

Wakiwa bado wamevaa wafundishe kukagua vifaa, maana vifaa vingi vya watoto huku ni vya msaada au vya mtu mzima. Mpira wa magongo una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu kama jiwe, hapa hakuna kubahatisha. Mwambie mtoto atikise kichwa, uso ukigeuka na helmeti ikabaki nyuma hiyo ni kubwa, mtafutie nyingine, na kama hakuna siku hiyo hapigiwi mipira, atafanya mazoezi ya miguu kwa mipira ya tenisi. Vifungo vya mikanda ya pedi vikae upande wa nje wa mguu, vikikaa ndani vinashikana akitembea anaanguka. Kinga ya kiunoni ni kwa wavulana na wasichana, wote. Kuvaa kufanyike mahali pa wazi, watu wazima wawili wakiwepo, na kocha anauliza kwanza "nikufungie hii?" kabla ya kugusa mkanda wowote. Hili mimi sibishani na mtu.

Sheria ya kupiga ni moja: mpigaji mmoja kwa wakati mmoja, na hapigi mpaka kipa ainue mkono kwamba yuko tayari. Mara nyingi mtoto anaumia pale wawili wamepiga pamoja, anaangalia huu, ule mwingine unamfikia.

Sasa tufike kwa kazi yenyewe ya kocha wa makipa, ambayo nusu yake ni kujua kumpigia mtoto mpira anaoweza kujifunzia. Wengi wakishika stiki wanataka kufunga, yaani mtu mzima na shuti lake lote dhidi ya mtoto wa darasa la tano. Wafundishe kupanda ngazi: mpira wa tenisi unarushwa kwa mkono ukilenga miguu, ukitoka mita nne au tano, akishazoea hapo unakuja mpira wenyewe wa magongo ukiviringishwa kwa mkono, baadaye unasukumwa kwa stiki, na kupiga kabisa kunakuja mwisho. Mipira sita alafu pumziko. Kati ya hiyo sita aokoe minne au mitano, akianza kuachia minne basi wewe ndo umeharakisha, rudi hatua moja nyuma. Kwenye pumziko mwambie kitu kimoja tu, sio vitano.

Nini cha kufundisha? Kwa mtoto anayeanza mimi nasema mambo matatu. La kwanza kusimama: uzito mbele ya nyayo, magoti yamekunjwa, mikono iko mbele anaiona kwa macho yake, kulia stiki, kushoto glavu. Msukume begani kidogo, akiyumba kwenda nyuma amesimama kwa visigino. La pili ni mguu, apige hatua kuuendea mpira, goti lije juu ya mpira ili usipae, na autoe pembeni kwa ubavu wa ndani wa kika, asiurudishe katikati kwa forwadi aliyesimama pale anangoja. Kwa watoto wetu wanaocheza kwenye nyasi hii ni muhimu kuliko kitu chochote, mpira kwenye nyasi unaruka ruka, hausafiri sawa kama kwenye tafu (nyasi bandia) ya uwanja wa City Park, kwa hiyo abaki amesimama kadiri awezavyo na mguu uwe nyuma ya mpira. Kupiga mbizi kutakuja, ianze akiwa amepiga magoti, kwenye nyasi laini, na kwa murram usithubutu.

La tatu ni pembe, na hapa ndo kuna zoezi ninalolipenda kuliko yote. Tafuta kamba ndefu, mita thelathini hivi, funga ncha moja kwa mlingoti wa kushoto na nyingine kwa wa kulia, alafu shika katikati uivute mpaka pale mpira ulipo. Unapata V, mdomo wake ni goli, ncha yake ni mpira. Muweke mtoto kwenye mstari wa goli, muulize kamba ya kushoto iko mbali naye kiasi gani, ananyoosha mkono haifikii, ya kulia pia haifikii. Sasa mwambie atembee hatua moja kuelekea mpira, ingine, ingine. Kamba zinamkaribia pande zote mbili mpaka stiki inagusa moja na glavu inagusa nyingine. Hapo nyamaza. Usimwelezee, muache aangalie kushoto na kulia mwenyewe. Alafu mbadilishane, yeye alale kifudifudi macho yake yawe usawa wa mpira, kocha asimame golini kisha atoke hatua tatu, mtoto aone goli likifungwa mbele ya macho yake. Hamisha mpira pembeni ya D (ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli), vuta kamba upya, rudia. Nimeona mtoto wa miaka tisa akielewa kwa dakika tano kitu ambacho mimi nilikuwa napiga kelele miezi mitatu, "toka! toka!", bila kumwambia anatoka kwenda wapi.

Sheria wape mbili tatu tu za kuanzia. Ndani ya D kipa anatumia mguu, mkono, mwili wote kuzuia mpira, nje ya D ni stiki peke yake. Haruhusiwi kuulalia mpira. Helmeti haivuliwi akiwa anadaka. Shoti kona (kona ya adhabu) na zile mbio za sekunde nane za kutafuta mshindi mechi ikiisha sare, mshambuliaji mmoja na kipa, ziacheni kwanza.

Jumamosi ya pili leta watoto. Kila kocha mpya anachukua kipa mmoja au wawili dakika kumi na tano, wengine wanakaa pembeni na karatasi wanahesabu vitu viwili: mipira mingapi imepigwa, na maneno gani yametoka mdomoni mwa kocha. Mkimaliza someni hiyo karatasi pamoja. Mara nyingi unakuta "safi", "aaah", "safi", "amka", "aaah", na hakuna hata sentensi moja ambayo mtoto anaweza kuifanyia kitu. Wafundishe kuuliza. Goli limeingia, badala ya "mbona umeachia" muulize "uliuona mpira lini?" Akisema niliuona ukishafika basi kuna beki alikuwa amemziba, shida ni kusogea apate kuona, au kumwita beki atoke. Akisema niliuona tangu mwanzo basi ni mguu ulichelewa. Hayo ni mazoezi mawili tofauti kabisa na ungeyajuaje bila kumuuliza.

Na kama unamfahamu mzee aliyewahi kudaka muombe aje hata mara moja. Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo, Barcelona 1971, huo ujuzi haufai kukaa tu nyumbani.

Mwisho gaweni zamu ya nani anafika nusu saa mapema kumsaidia kipa kuvaa, muandike majina kabisa, na nani anabaki kutundika vifaa kivulini penye upepo baada ya mazoezi, maana sponji ikifungiwa kwa begi na jasho inanuka wiki moja, inaanza kuharibika, na mtoto anayepewa helmeti inayonuka hataki kuvaa.